Popo si mmoja: maneno niliyoyasema Mkunguni

Haya niliyasema Lamu, pale Mkunguni mbele ya Ngome, baada ya sala ya Isha, watu wakiwa wamekaa barazani na wengine wamesimama. Vijana waliyarekodi kwa simu, kisha wakaniomba niyaandike. Nimepunguza pale nilipojirudia, na kikohozi changu nimekiacha nje.

Assalaam aleikum. Mashekhe, wazee wangu, kina mama, na nyinyi watoto mliojazana kwenye ngazi za Ngome, hamjambo?

Nilipoalikwa niliambiwa, Maalim, tuzungumzie mnyama yeyote, watoto wapate faida. Nikasema nitazungumzia popo. Aliyenialika akanyamaza, kisha akaniuliza kwa adabu kama hakuna mnyama mwingine. Nikamwambia yuko punda, lakini punda mwamjua kuliko mimi.

Hebu tazameni juu. Hapa paliitwa Mkunguni kwa ajili ya mti huu, mkungu. Anayefagia hapa asubuhi hukuta kungu zimetupwa chini, nyama imetafunwa yote, imebaki kokwa na nyuzi. Watu husema ni kunguru. Saa sita za usiku kunguru amelala. Anayekula ni popo, tena hali pale pale anapochuma. Hulichuma tunda, akalibeba mdomoni mpaka kwenye mti mwingine anaouamini, akaning'inia kwa mguu mmoja na mguu wa pili ukashika tunda. Hutafuna, humeza maji yake, halafu makapi huyatema yakiwa kidonge kikavu, sawa na mtu aliyemaliza kutafuna muwa. Ndiyo sababu ukapita chini ya mwarubaini ukakuta kokwa za kungu, ukashangaa mwarubaini umeanza lini kuzaa kungu.

Popo huyo huyo ndiye mwenye ile sauti. Waliolala madari ya juu wanaijua. Usiku ukishatulia husikika kitu kinagonga, ting, kimya kidogo, ting, kama fundi anayepiga chuma mtaa wa mbali. Jirani yangu mmoja aliniambia ni chura. Mwingine akasema chura gani akae juu ya mwembe, huyo ni shetani. Ni dume la popo, anaita jike. Kwenye kila bega ana kijifuko, na ndani ya kijifuko mna manyoya meupe. Mchana huyaficha. Usiku, akishaanza kuita, huyatoa nje kama mtu anayegeuza mfuko wa kanzu ndani nje, yakasimama kama mashada mawili ya pamba. Wataalamu wamempa jina la Epomophorus, mbeba mabega. Nimemwona kwa tochi mara nyingi na sijachoka kumtazama.

Sasa niseme kilichonileta. Sisi ni watu wa bahari. Mtu akipanda gatini akasema amepata samaki, swali la kwanza ni samaki gani. Ni changu? Ni tafi? Ni nguru? Kolekole hapikwi kama pono, wala bei yao si moja. Mtoto wa miaka saba wa hapa hawezi kukuchanganyia. Lakini akipita mnyama wa usiku, awe na gramu nne au gramu mia tatu, awe mla embe au mla mbawakawa, sote twasema popo, basi. Kenya hii ina zaidi ya spishi 100 za popo. Dunia nzima zimepita 1,400, maana yake katika kila aina tano za wanyama wanaonyonyesha, moja ni popo. Uingereza, nchi nzima na utajiri wake, haifikishi 20. Kwetu hakuna majira ya barafu. Mwaka mzima kuna tunda linaloiva mahali fulani na mdudu anayeruka, kwa hiyo kila mmoja amepata kazi yake na nafasi yake.

Nao jina wamepewa moja. Basi kosa la huyu hulipwa na yule. Embe kaila mmoja, moshi anavutishwa mwingine ambaye embe haijui.

Hata wataalamu popo aliwasumbua. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Sweden, aliyejipa kazi ya kupanga viumbe vyote kwa makundi, alimweka popo kundi moja na nyani na binadamu. Msicheke, alikuwa na hoja. Alitazama meno, na alitazama matiti mawili yaliyo kifuani. Mwaka 1779 Mjerumani Johann Friedrich Blumenbach akawatoa humo akawapa kundi lao wenyewe, Chiroptera, maneno mawili ya Kigiriki, mkono na bawa.

Mashekhe wako hapa, nikikosea wanisahihishe. Wapo wafasiri wa Kurani waliosema kwamba yule ndege Nabii Isa, aleihi salaam, aliyemfinyanga kwa udongo akampulizia akaruka kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, alikuwa popo. Wakatoa na sababu, kwamba katika warukao yeye ndiye aliyekamilika umbo, ana meno, ana matiti, ana masikio. Walisema hayo karne nyingi kabla ya Linnaeus kuzaliwa. Mimi siingii katika tafsiri, si fani yangu. Ninachotaka mwone ni kuwa wale wanazuoni walikuwa wamemtazama popo. Walimfunua wakamchungulia mdomo.

Nilipokuwa shule tulifundishwa kuna popo wakubwa, wala matunda, na popo wadogo, wala wadudu. Ilikuwa rahisi kukariri na nilipata alama zangu zote. Kwenye miaka ya 1980 akatokea mwanasayansi wa Australia, John Pettigrew, akachunguza mishipa inayotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, akasema hawa wakubwa ni jamaa zetu sisi na kima, na kwamba kuruka kulianza mara mbili. Mabishano yakawaka. Ulipokuja uchunguzi wa vinasaba ikaonekana popo wote ni wa tumbo moja, hapo Pettigrew alikosea. Lakini na mwalimu wangu pia alikosea. Wale wadogo wenye pua za ajabu, zenye majani na viatu vya farasi, wako karibu kwa nasaba na popo wakubwa wa matunda kuliko walivyo karibu na popo wadogo wenzao. Udogo haukuwa undugu. Siku hizi makundi makuu mawili huitwa Yinpterochiroptera na Yangochiroptera. Msihangaike kuyatamka, mimi yalinichukua wiki.

Na kuna la kufurahisha zaidi. Popo si panya aliyeota mbawa, hata kwa mbali. Kwenye mti wa nasaba, popo yuko upande mmoja na farasi, paka, nyangumi, na huyu punda anayekula maboksi pale kwenye kona. Panya yuko upande wa pili. Nani mwingine yuko upande wa panya? Sisi. (Hapa wazee walicheka sana, na punda akalia, sijui kwa furaha au kwa kukataa.)

Watoto, nyosheni mkono wa kulia. Dole gumba liacheni kando. Sasa vidole vinne vilivyobaki vivuteni, kwa mawazo, mpaka kimoja kiwe kirefu kushinda kiwiliwili chenu. Kati ya kidole na kidole wambeni ngozi, lakini si ngozi ya ngoma, ni nyembamba zaidi, ya kuonyesha mwanga. Iendelezeni mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hilo ndilo bawa. Ukilinyoosha mbele ya taa unaona mishipa ya damu imetawanyika kama mito kwenye ramani, na vidole vyote unavihesabu. Ndege haruki hivyo. Ndege bawa lake ni unyoya, popo anaruka kwa kiganja.

Dole gumba hubaki nje na kucha yake, la kupandia na kujishikilia. Popo wa matunda, karibu wote, wana kucha nyingine kwenye kidole cha pili. Basi ukimkuta amekufa, hesabu. Kucha mbili kila bawa, macho makubwa, uso kama wa mbwa, masikio ya kawaida, huyo ni wa matunda. Kucha moja, macho kama mbegu za mchicha, masikio au pua iliyovurugika, huyo ni wa wadudu. Umhesabu kwa kijiti, tafadhali, si kwa kidole. Nitaeleza kwa nini.

Kuhusu kuning'inia, watu huniuliza hachoki vipi. Hatumii nguvu. Uzito wake wenyewe huvuta kano za mguuni na vidole vikajifunga. Nguvu huitumia anapotaka kuachia. Popo aliyekufa usingizini huweza kukaa pale pale ananing'inia.

Sasa twende nyumba kwa nyumba.

Mtu akipita mchana kwenye kuta zetu kuukuu za mawe, zile zilizoachwa, atazame chini ya kingo, mahali penye kivuli. Kuna popo hung'ang'ania ukuta waziwazi kichwa chini, au kwenye shina la mnazi, mgongo wa kijivu wenye vumbi-vumbi kama chokaa iliyopata ukungu. Msogelee. Haruki. Anakimbia ubavu kama kaa, anazunguka upande wa pili wa shina, halafu anakuchungulia. Akiruka ndipo utaona tumbo, jeupe pe pe pe. Jina lake la kitaalamu, Taphozous, limetoka kwenye neno la Kigiriki la kaburi, kwa sababu wa kwanza wa jamii yake walioelezwa walikutwa kwenye makaburi ya kale ya Misri. Huyu wa ukutani makaburi hana haja nayo. Hali embe. Anakula nondo.

Kwenye migomba yuko mdogo kuliko wote wa hapa, gramu tatu mpaka nne, uzito wa sarafu nyepesi. Hulala ndani ya jani changa la mgomba lililojiviringa bado halijafunguka, yeye na wenzake wachache, na kwenye dole gumba ana kijinyama laini kinachomsaidia kushika utelezi. Jani la mgomba halingoji mtu. Baada ya siku moja mbili limefunguka na familia imehama. Wakati mwingine huingia kwenye makuti. Ukimwona utadhani ni kipepeo mweusi.

Ukitoka kwenda bara, Mokowe na kuendelea, au ukishuka mpaka Malindi, kwenye mibuyu yenye uvungu yuko mwingine nimpendaye kupita wote. Masikio makubwa yameungana katikati ya utosi, na juu ya pua ana jani la nyama lenye umbo la moyo. Huyu hukaa juu ya tawi la chini giza likishaingia, kimya, akasikiliza ardhi. Mbawakawa akitembea juu ya majani makavu, zile nyayo zake, kha, kha, popo ameshazisikia. Hushuka, humwokota, hurudi tawini. Halafu huimba. Anayo mipaka ya kiambo chake, na kabla na baada ya kula huipitia akiimba, jirani asikie na asivuke. Nilikaa chini ya mbuyu mmoja usiku mzima na chupa ya kahawa kwa ajili yake. Mbu walinila, yeye hakuniangalia.

Na mbuyu wenyewe, nani anauzalisha? Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kikombe, linaning'inia chini na lina harufu ambayo si ya asumini hata kidogo. Limejipamba kwa mgeni wa usiku. Popo wa matunda huja kunywa maji matamu yake, hujipaka chavua kifuani, huihamisha kwenye mti wa pili. Msufi vivyo hivyo, na mwegea. Mwenye kuuza mabuyu ya rangi hapa Lamu ana mshirika asiyemlipa.

Lakini kama mwataka kuona mambo kwa wingi, nendeni Watamu, kwenye mapango ya jiwe la mwamba. Wenyewe Wagiriama pango huliita panga. Mdomo wa pango ni tundu tu katikati ya kichaka, unashuka ukishika mizizi ya miti. Kinachokupokea si giza, ni harufu, kama chumvi ya mkojo na unga wa dagaa pamoja, machozi yanakutoka. Kisha joto. Kisha sauti. Sakafu ni laini, unadhani ni mchanga, ukimulika unaona inatembea. Ni mende na viwavi, wanaishi kwa mavi ya popo.

Humo ndani kila jamii ina mtaa wake, kama Mkomani na Langoni. Karibu na mlango, penye mwanga kidogo, wako wale wa jamii ya kaburini, wamejipanga kwa nafasi, mmoja hapa mmoja pale, hawapendi kugusana. Mbele kidogo wako wadogo wa kahawia ambao mkia wao hutokeza katikati ya utando kama kidole kilichotoboa soksi. Wale huishi kwa familia, dume mmoja na majike wake, na huzaa kwa kufuata mvua, masika na vuli, mtoto akija akute wadudu wamejaa. Ndani zaidi, kwenye joto na unyevu, wako wenye pua za majani, na mmoja wao juu ya pua ana meno matatu kama mkuki wa kuchomea pweza, na manyoya yake huweza kuwa mekundu kama kutu mbichi. Wenye vidole virefu wamebanana darini kama zulia. Na mahali pengine humo, wakipiga kelele kama sokoni, wako popo wa matunda wa mapangoni, Rousettus.

Huyu Rousettus ndiye aliyevuruga tena hesabu ya mwalimu wangu. Tuliambiwa wa matunda hutumia macho, wa wadudu hutumia mwangwi. Rousettus anakula matunda, macho anayo mazuri, lakini pangoni macho yafaa nini? Basi hugonga ulimi, tk-tk, tk-tk, akasikiliza mrudio, akajua ukuta uko wapi. Unaweza kumsikia kwa sikio lako.

Wale wengine huwasikii. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na la mzee kama mimi huishia mbali chini ya hapo. Kuna popo wa pua-jani wa huku hupiga mitetemo karibu 140,000, kupitia puani, mdomo umefungwa. Lile jani la puani ndilo humwelekezea sauti, kama kurunzi inavyokusanya mwanga. Muitaliano Lazzaro Spallanzani, miaka ya 1790, aliwafumba macho popo wakaendelea kuruka bila kugonga kitu, na masikio yalipozibwa ndipo wakagonga kila kitu. Hakujua kwa nini. Ikangoja mpaka 1938, Mmarekani Donald Griffin akiwa bado mwanafunzi, akapeleka popo mbele ya chombo cha kupokea sauti za juu, na kumbe wanapiga kelele wakati wote.

Wazee walitega kitendawili: popo mbili zavuka mto. Jibu?

(Watoto wote: Macho!)

Macho. Aliyetunga hakumdhania popo kuwa kipofu. Na hakuna popo kipofu.

Nje ya hapa nitapita haraka. Pemba yuko popo mkubwa, mbawa zikinyooshwa zafika mita moja na nusu na zaidi, rangi ya kutu, na jamaa zake wako Komoro, Madagaska, mpaka Asia, ila bara la Afrika lililo pale mkabala hakukanyaga. Aliwindwa mpaka akabaki kidogo mno, kisha wenyeji wa Kidike na vijiji vingine wakamlinda akarudi kwa maelfu. Wakati huo huo, mwaka 1995, Pemba ikashikwa na hofu ya popobawa, yule shetani wa usiku. Yule maskini wa Kidike alikuwa amelala kwenye mti wake hana habari. Zambia, huko Kasanka, kila mwisho wa mwaka hukusanyika popo wa matunda wa rangi ya nyasi kavu kiasi cha milioni kumi, kwenye kipande kidogo cha msitu. Amerika ya kusini na ya kati wako wanaovua samaki kwa kucha, wanaowasikiliza vyura wakiimba wakawala, na wale watatu, watatu tu katika 1,400, wanaolamba damu. Afrika hawako. Filamu ndizo zilizowaleta.

Na huko Amerika wako wenye majani puani kama wetu. Mtu angesema ni ndugu. Si ndugu, kila upande uliota pua yake kivyake. Ndiyo sababu siwaamini sana wanaopanga viumbe kwa kutazama sura peke yake.

Sasa ile ya kijiti. Popo huweza kubeba maradhi, na sitawaficha. Kichaa cha mbwa, akikuuma. Virusi vya Marburg vimepatikana kwa Rousettus wa mapangoni huko Uganda, na hapa Kenya watu wawili waliokuwa wameingia pango la Kitum, Mlima Elgon, waliugua, mmoja 1980 na mwingine 1987, na wote walifariki. Bangladesh watu hupata virusi vya Nipah kwa kunywa utomvu wa mtende ambao popo wameuchezea usiku kwenye chungu. Wagema wa mnazi mnielewe, funika kibuyu. Embe iliyoumwa mpe mbuzi? Hapana, ifukie. Popo usimshike mkono mtupu, pangoni usiingie kwa mchezo, na ukiumwa osha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika kumi na tano kisha nenda hospitali usiku huo huo, usingoje kuche. Aliyelala kwake mtini hakudhuru.

Niwaambie na la kwangu, kisha nikae. Nilikuwa na miaka ishirini hivi, nafanya vibarua na fundi mmoja. Kulikuwa na nyumba ya mabati, mwenyewe amelalamika popo wanampa harufu na wanamlia maembe ya uani. Tukapanda mchana, tukaona nyufa chini ya paa, kingo zake zimepakwa mafuta meusi kwa kupita miili. Tukaziba zote kwa saruji. Tulilipwa, tukaenda zetu. Siku ya tatu tukaitwa. Nyumba haikaliki. Nzi. Tulipofungua bati nikaona jambo ambalo sijalisahau: mamia, wenye mikia huru ile kama ya panya, nyuso zimekunjamana, wamerundikana nyuma ya kila ufa. Chini ya mbawa za wengi kulikuwa na mtoto, uchi, rangi ya waridi, mdomo bado uko kwenye titi. Nikawatoa kwa sepeto.

Maembe yale waliyala popo wa kungu, wa mabega meupe. Hawa wa paa hawajui embe ni nini. Chakula chao ni wadudu tu, usiku mmoja huweza kula wa uzito wa theluthi ya mwili wake na zaidi. Popo kwa kawaida huzaa mmoja tu kwa uzazi, panya angekuwa ameziba pengo lile kwa mwezi. Pale mpaka leo hawajarudi, na mwenye nyumba, Mungu amrehemu, embe ziliendelea kuliwa.

(Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili.)

Mtoto mmoja aliuliza, Maalim, popo akianguka chini ndani ya nyumba, nimfanyeje? Mwanangu, kama ni wa mkia huru, mbawa zake ni ndefu nyembamba, hupata taabu kupaa kutoka sakafuni. Kwa kawaida huanguka kwanza ndipo akaruka. Wala hajafa, hata akitulia. Mwite mtu mzima, msukumeni kwa kipande cha boksi mpaka juu ya dirisha au ukuta, mwacheni hapo.

Bibi mmoja aliyekaa nyuma akauliza, mwanangu, kwangu Langoni wako darini, mwaka wa tatu huu, na mimi sitaki kuwaua lakini harufu nayo sitaki, nifanyeje? Nikamjibu hivi. Bibi, usimwite fundi wa saruji kwanza. Mimi nitakuja Jumamosi baada ya Maghrib na vijana wawili, tutakaa nje na tochi yenye karatasi nyekundu, tutajua wanatokea ufa gani. Kama kuna watoto, tutangoja mpaka nao watoke kuruka. Halafu juu ya ufa ule tutaning'iniza kipande cha wavu wa dagaa, kilegee chini, popo atoke na kurudi asiweze. Nyufa nyingine tutaziba sisi, ule mmoja ziba baada ya wiki, usiku, wote wakishatoka. Akauliza ni bei gani. Nikasema kahawa, na huo wavu, ninao.